Akiba ya Mshono

Leo Bora inavuma. Hapa Trieste
upepo una jina, na tabia ya mdai:
unashuka mlimani bila kubisha hodi,
unapekua makoti, unaondoka na kofia za watu.
Siku kama hii ndiyo ninayopata wateja.

Kijana ameingia, mlango ukamsukuma mgongoni.
Ruggero, wa akina Vascotto wa ghorofa ya nne,
amekumbatia koti la babu yake
kama mtu aliyeokota paka.
"Bi Nives, lipanue. Nalitaka lilivyokuwa."

Nalijua koti hili.
Sufu nzito, mfumo wa miiba ya samaki,
ukosi mpana wa kumfunika mtu masikio.
Mwaka wa sabini na mbili baba yake alilileta hapahapa,
nywele mabegani, suruali imembana mapaja
kisha ikachanua chini kama tarumbeta.
"Lipunguze," akasema, "nikilivaa nafanana na jeneza."
Mimi nilikuwa mwanagenzi, mkasi ukiniwasha mkononi.
Fundi Žerjal akanishika kiganja:
"Punguza, binti, lakini usikate.
Kunja. Mwenye mwili hubadilika,
na mwenye akili pia, mara chache."

Nikakunja.

Tangu hapo nimewaona wanaume wa mji huu
wakipita mbele ya dirisha langu na mabega ya pamba
mapana kama kabati; kisha mabega yakayeyuka;
kisha suruali za magunia, kisha za soksi,
ambazo kijana akiketi, mshono unaomba toba.
Kipya kinyemi, na kinyemi hicho kimenilipia kodi,
sina haki ya kukitukana.
Ila nguo za siku hizi ukizigeuza ndani
hukuti kitu: ukingo mwembamba kama kucha,
uzi mmoja unaokimbia kwa woga.
Hakuna aliyemwekea mtu nafasi ya kunenepa.

Nimefumua. Wembe, pumzi, wembe.
Kitambaa kilicholala gizani miaka hamsini na kitu
kimefunguka kikiwa na rangi yake ya kwanza,
buluu yenye kijani, shingo ya njiwa,
wakati koti lote limekuwa jivu.
"Mstari huo utaonekana?" akauliza Ruggero.
Utaonekana.
"Pasi haiwezi kuuficha?"
Pasi si mganga.
Akaupapasa kwa kidole gumba, huku na huku,
akasema basi, uache.

Chini ya bitana, karibu na mfuko wa ndani,
tukakuta kipande cha utepe chenye wino:
E. Kravanja, Gorizia, 1934.
Si Vascotto.
Babu mtu alilinunua sokoni, limeshavaliwa,
lina jasho la mwingine kwapani.
Mtumba!
Kwenye vioo vya barabara kuu wangeliita hazina
na kulitundika peke yake chini ya taa.
Babu yake angeomba apunguziwe.
Kijana alinyamaza, nikadhani ameumia;
kumbe anacheka kwa mabega,
na mabega, sasa, yalikuwa na pa kuchezea.

Jina la Kravanja nimelishonea palepale.
Na vile vidole vitatu vya akiba
alivyoviacha fundi wa kwanza, nisiyemjua,
nimevikunja tena.
Sikusema kwa ajili ya nani.

Ametoka. Bora imelivaa koti pamoja naye,
imelijaza mpaka pindo, akainama mbele,
akashika nguzo ya taa, akaendelea.
Yuro arobaini. Amelalamika.
Baba yake naye alilalamika.