Giga Mbili

Kompyuta namba saba ilitoka saiba iliyofungwa Amalemba,
kibandiko cha namba bado kimeganda ubavuni,
herufi A imefutika kwenye kibodi
kwa vidole vya watu waliotafuta ajira.
Nililipa elfu nne, nikaileta kwa bodaboda
imefungwa leso kama mgonjwa.

Kumbukumbu yake: giga mbili.
Umri wake: mimi nilikuwa darasa la sita.

Nikaipa Linux, isiyodai leseni wala kudharau wazee.
Kisha likaja swali ambalo sikuonywa:
sawa, umepata nyumba; sasa unataka meza gani?

Nilianza na ile yenye alama ya unyayo.
Maridadi, sikatai. Ukuta mtupu, kimya cha kanisa siku ya Jumatatu.
Nikabonyeza, nikabandika chai,
chai ikachemka, ikafurika, ikazima jiko,
na unyayo ulikuwa bado umeinuliwa,
haujakanyaga.

Ya pili ilikuwa na gurudumu la meno.
Shitanda, ndugu yangu, aliipenda hadi ugali ukapoa:
madirisha yanayolegea ukiyavuta,
mipangilio ndani ya mipangilio ndani ya mipangilio.
Siku tatu alibadilisha rangi.
Barua yake ya kuomba kazi haikupata hata tarehe.

Ya tatu, Mdalasini.
Jina lilinivuta, nakiri; niliinusa skrini nikicheka peke yangu.
Ilikuwa na heshima zake, kila kitu mahali pake,
ila nilipofungua ukurasa wa pili
feni ikanguruma kama poshomili
na mama akauliza kutoka jikoni nani anasaga.

Kisha ile ya ndege mdogo. Nikamwita chozi.
Ilifunguka kabla sijakaa.
Lakini herufi zake, punje za wimbi.
Mama akasogeza uso, akasogeza miwani,
akarudi jikoni bila neno.
Chozi ni ndege. Chozi pia ni lile jingine.

Maana kompyuta ni yake. Ningeanza na hilo.
Rispa Khavere, karani wa ardhi miaka thelathini na mmoja,
sasa mweka hazina wa chama cha mazishi,
mwenye daftari la majina ya waliochanga
na, kwa wino mwekundu, ya waliochangiwa.

"Zimebaki ngapi?"
Moja. Ina picha ya panya.
Akaweka kikombe chini.
"Panya walikula rejista mbili nzima,
ule mwaka wa mvua ya mawe.
Ekari za watu, mipaka, mikuyu ya mipaka, yote tumboni.
Nikaziandika upya kutoka kichwani, wiki sita.
Na wewe unaniletea panya mezani?"

Nikamwomba dakika moja. Akanipa, akihesabu kwa sauti.
Kumi na tisa, na meza ikawa wazi.
Ya kijivu. Haina cha kuringia.
Nikakuza herufi mpaka macho yake yakatulia,
saa nikaipeleka juu kulia, ilikokuwa saa ya ofisini,
majalada kushoto,
jaa la taka chini, mbali na mkono.

"Kesho nitavikuta hapa hapa?"
Hapa hapa.
"Hata waliouunda wakipata wazo jipya?"
Nikasita. Nikasema, huyu panya ni mzee,
mawazo mapya huyala polepole.
Akacheka kwa pua, akavuta kiti.

Saa kumi mvua ya Kakamega ikaja bila hodi.
Radi moja, stima ikapotea,
namba saba ikazimika katikati ya jina la mtu.
Hatukusema kitu. Bati lilisema kwa niaba yetu.

Stima iliporudi, mama alihesabu tena,
kumi na nane, kumi na tisa,
na karatasi ikarejea pale ilipokatika:
Dorik
Akashusha kidole, bila kuangalia,
kwenye kitufe kisicho na herufi.