Figa la Kushoto

Babu alishushwa Korogwe na lori la mkataba,
blanketi begani, kipande mfukoni.
Jina lake, Bukuru, lilibaki Kasulu;
hapa aliitwa kwa namba.
Msimamizi akanyoosha fimbo ng'ambo ya korongo:
"Kuanzia pale ni pori tupu. Fyekeni."

Pori tupu.
Lakini panga lilipozama kwenye magugu
liligonga jiwe, na jiwe lilikuwa na masizi.
La pili. La tatu.
Babu akachuchumaa, akalifuta moja kwa kiganja,
akakitazama kiganja kilivyokuwa cheusi.
Naye alikuwa ametoka kwenye nyumba.
Hakumwita msimamizi.

Mkataba ulipokwisha hakurudi.
Nauli aliinunulia jembe, akatuma salamu, bibi akaja
na kuinjika maharage juu ya mawe yale yale.
Tukazaliwa, tukajaa:
Waha, Wabena, Wamakonde wenye chale mashavuni,
tukigombana kwa Kiswahili,
tukilia kila mtu kwa chake.
Mikono yetu sote ilinuka korona,
ule uchachu wa mkonge usiotoka kwa sabuni.

Masika moja akaja mwanamke, kanga imelowa,
akabisha hodi, akaomba maji.
Mwanamvua Semkiwa, alisema, Mzigua.
Alikunywa kidogo. Akainama jikoni bila kuomba ruhusa,
akagusa figa la kushoto.
"Hili lilikuwa likiyumba. Mama alilitegea kigae."

Bibi aliweka mwiko chini.
Akapitisha vidole chini ya jiwe, kwenye jivu la miaka yetu yote,
akatoa kigae,
kipande cha mdomo wa chungu, chenye nakshi ya kucha.

Chungu kilipinduka. Hakuna aliyekiinua.

"Mlikwenda wapi?" bibi akauliza.
"Hapo tu, nyuma ya reli.
Moshi wenu tunauona kila jioni."

Hakudai kitu. Kigae alikiacha.
Alipoondoka, bibi alikirudisha chini ya figa,
na tangu hapo kila ugali ulipoiva
alisonga akitazama upande wa reli.

Leo wapima ardhi wamekuja na kamba na fomu.
*Kabla yenu, eneo lilikaliwa na nani?*
Nafasi ya jibu ni fupi kama kidole.
Kijana mwenye kalamu ana haraka;
ananionyesha walivyojaza majirani: *Pori. Pori. Pori.*

Nimemwambia angoje.
Nimemtuma mwanangu avuke reli.