Na ya Kutolea

Mimi mapenzi nayahesabu kwa magunia.
Gunia la korosho, kilo themanini,
kutoka mlango wa ghala hadi juu ya lori:
mia mbili.
Usinicheke. Kila mtu ana mizani yake.

Soda ni magunia matano.
Bajaji ya kwenda Shangani, kumi;
kurudi, kumi na tano, maana kiza kimeingia
na dereva ameona nimeshikana mkono na mtu.

Kioo cha simu ya Somoe kilipopasuka
nilibeba magunia mia mbili ishirini na tano.
Bega likachubuka pale unapokaa mshono wa katani.
Nikamwambia ni jua.
"Jua limepitaje chini ya shati?"
Nikamuuliza habari za mama yake.

Akiandika nitumie elfu tano,
mwishoni huweka maneno matatu
madogo, kama chumvi pembeni ya sahani:
na ya kutolea.
Nikatuma. Na ya kutolea nikaweka.
Mtandao ukakata chake,
serikali ikakata chake,
mimi nikakata chakula cha usiku.

Mfaume, mwenzangu wa ghalani, husema:
"Mwanamke ni mradi, Chilumba.
Mradi usiolipa unafungwa."
Mfaume anadaiwa na muuza viatu,
na mama ntilie, na mjomba wake wa Nanyamba,
na miradi yake yote miwili iko wazi mpaka leo.

Sasa nisikilize siku ile ya hotelini.
Saa nane mchana. Karatasi ya bei
imevishwa nailoni, kama kwamba hizo bei
zinaogopa kulowa.
Nilikuwa nimejipanga kwa watu wawili.
Amekuja na Siwatu.
Siwatu sikuwa nimembeba.

Kuku nusu, chipsi, juisi za ukwaju mbili.
Mhudumu akanigeukia na kalamu yake.
Nikasema mimi nimefunga,
sunna ya Jumatatu.
"Masha Allah," akasema Siwatu,
"wanaume kama nyie mmebaki wachache."
Somoe akatafuna, akameza,
akasema bila kuinua macho:
"Leo Jumanne."

Akausogeza mguu wa kuku upande wangu.
Hakucheka. Ingekuwa nafuu angecheka.
Nikala.
Sijawahi kula kuku mtamu vile,
wala mzito vile.

Januari ghala likafungwa.
Likabaki vumbi, na panya wenye afya zao.
Korosho zina msimu;
njaa ya kuonekana mwanaume haina.
Simu ya Somoe sikuipokea siku tisa.
Si hasira. Sina kitu, nitasema nini?
Niliitazama ikitetemeka juu ya mkeka
mpaka inachoka yenyewe.

Siku ya kumi ukalia ule mlio mfupi.
Nikadhani ni mkopo umekuja kujikata.
Umepokea, ikasema.
Elfu kumi na vijisenti vya juu,
na jina lake lote kwa herufi kubwa,
kama anaitwa mahakamani.
Nyuma yake, ujumbe wa mkono wake:
Kula. Nimeweka na ya kutolea.

Somoe ni msusi, kibandani, nyuma ya soko la Chuno.
Kutwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu.
Hilo nilikuwa nalijua
kama unavyojua rangi ya mlango wa jirani.

Wakala akaniuliza, "Unatoa zote?"
Nyuma yangu kuna foleni,
mwanamke na mtoto, mzee na kadi yake.
Nami nimesimama na simu mkononi,
nikitafuta elfu kumi ni vichwa vingapi,
kichwa kimoja ni saa ngapi,
na jioni vidole vyake vinakunjuka
au havikunjuki.

Magunia ya ghala zima nayajua, mpaka ya Mfaume.
Hili sikuwahi kuuliza.

"Kaka," akasema wakala, "zote?"