Haimo

Tulitoka Kitangari usiku saa tisa,
Shaweji na mimi, na kadi ndani ya kitambaa
nilichokikunja mara nne, kana kwamba kadi nayo husikia baridi.

Hospitali Mtwara. Namba hamsini na tisa, dirisha la tatu.
Spika ilipoita, mwanangu aliziba masikio,
kisha akarudi kwenye kazi yake:
korosho kumi na saba juu ya benchi,
kubwa kwa ndogo, mgongo ukitazama ukuta.
Mama mmoja akasogeza moja apate pa kukaa.
Ukumbi mzima ukakijua kilio chake.

"Usonji," akasoma karani, jina lake Bakula,
kama mtu anayesoma jina la kijiji asichowahi kufika.
Kidole kikashuka kwenye kitita.
Malaria, imo. Mguu ukivunjika, umo.
Jino, limo. Miwani imo, hata miwani.
Kumfundisha mtoto atamke "maji"
asinivute mkono mpaka kwenye ndoo?
"Huduma hiyo haimo, mama. Haimo."

Wa kampuni naye alikuja, msimu wa mnada,
tai shingoni katika jua la ghala.
Akauliza: hali hii ilianza kabla ya mkataba?
Nikamwambia ilianza kabla sijalijua jina lake,
alipokuwa na miezi minane na hanitazami usoni.
Akafunga kalamu. Kalamu ile ilikuwa na mlio.

Sasa Bakula anainama, sauti inapita chini ya kioo:
"Angekuwa anaanguka, ningeandika kifafa.
Kifafa kina namba. Kikiingia,
na mengine huingia mgongoni mwake."

Wallahi nilimtazama mwanangu
na kwa pumzi moja nilimwombea aanguke.
Mara moja tu. Povu kidogo.
Mungu alisikia, akanyamaza,
na mpaka leo namshukuru kwa kunyamaza kule.
"Hajawahi," nikasema.

Mtaalamu wa matamshi hupita mara moja kwa mwezi.
Nusu saa yake ni kilo ishirini na mbili za korosho,
bei ikiwa nzuri, na chama kikilipa.
Baba yake anapalilia huku anahesabu kwa sauti:
mti huu ni Machi. Ule, Aprili.
Mei haina mti.

Usiku ule mvua ya kwanza iligonga bati,
majirani wakatoka mbio na madumu.
Shaweji akaketi kitandani.
Miaka sita hajasema kitu chenye umbo.
Akasema, kwa sauti ya Bakula,
na lile koo kavu la Bakula:
"Haimo, mama.
Haimo."

Mume wangu aliamka akidhani kuna msiba,
kwa nilivyokuwa nimepiga magoti.
Mama. Amesema mama, hata kama ni ya kuazima,
hata kama imekuja na mlango uliofungwa.
Sikuuliza nani amelilipia neno lile.
Nikamshika bega moja, ndilo analoruhusu,
nikamwambia, sema tena.