Mafungo, Siku ya Pili

Siku ya kwanza ilikuwa Ukimya.
Sista Ludgera aliubandika ukutani kwa kalamu ya zambarau,
herufi ya mwisho ikabanwa pembeni, karatasi imekwisha.
Tulikula ugali bila neno.
Chumvi tuliiomba kwa vidole,
na Fabiola, ambaye hata usingizini huzungumza,
aliufumba mdomo kwa viganja viwili
kama mtu aliyebeba maji.

Nikasikia vitu nilivyoishi navyo miaka minne bila kujuana:
bomba la kisima likikohoa kabla ya kutema,
maharage yakigongana sufuriani,
kandambili ya mpishi iliyoshonwa kwa waya.
Na jina. Lilianza kunijia siku ile ile.

Siku ya pili, Msamaha.

Tuligawiwa robo ya ukurasa.
"Andika jina moja," alisema Sista,
"la yule ambaye ukimwona mbele unavuka barabara."
Nje ya kanisa jiko lilikwisha kuwashwa,
na Padre, kanzu imekunjwa mpaka magotini,
alikuwa anapepea makaa kwa kifuniko cha ndoo.

Niliandika Baba.
Nikafuta.
Nikaandika jina zima, kama lilivyo kwenye stakabadhi za chama:
Kasmiri Joakimu Nampota.
Jina zima ni rahisi kulichoma.

Baba aliuza korosho kabla hazijachanua.
Kangomba, bakuli kwa bakuli.
Mtu wa pikipiki alikuja Machi na noti,
akarudi Oktoba na magunia matupu,
akaondoka nayo yamejaa.
Mnada ulipofunguliwa kule Mtama
majirani walihesabu fedha,
sisi tukahesabu mikorosho, kama iko yote.
Nami nikarudishwa na sanduku langu kwa sababu ya ada,
wiki sita.
Niliikosa mada nzima ya umeme.
Mpaka leo niulize chochote, usiniulize mkondo unaanzia wapi.

Foleni ikasogea.
Karatasi zilishika, zikajikunja, zikaruka nyeusi
juu ya paa la bweni, upande wa mto Lukuledi.
Fabiola alilia na kamasi zake zote.
Nyuma yangu alisimama Somoe.
Mafungo hayakumhusu, angeweza kubaki na Kemia yake kitandani,
lakini alivaa ushungi wake, akaja.
"Hata kwetu," alisema, "kuna watu tunaowavukia barabara."
Jina lake aliliandika kwa herufi za madrasa,
kutoka kulia.
Sista hakuuliza. Alisogea tu kumpisha, joto lisimchome.

Ikafika zamu yangu.
Mkono ulikwisha nyooka.
Ndipo likanijia neno dogo, la kipuuzi: Machi.
Mwaka mzima nilikuwa nalo kwenye kesi yangu,
ushahidi namba moja,
na sikuwahi kujiuliza Machi ile ghala letu lilikuwa na nini.
Panya walikwisha kuhama.
Mama alikuwa anachemsha ming'oko, maji ya kwanza anamwaga,
ya pili anamwaga,
sisi tumekaa.
Kisha siku moja kukawa na unga.
Machi ndio mwezi tuliokula.

Sikuchoma.
Sisemi nilisamehe, ada ni ada, na wiki sita ni wiki sita.
Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu,
karatasi nikaisukuma ndani ya soksi.
Sista aliona. Akakohoa,
akageukia makaa kana kwamba yamemwita.

Siku ya tatu ilikuwa Kutumwa.
Wengine walitumwa kwa wagonjwa na sabuni,
wengine kuimba kigangoni.
Mimi nilitumwa kusugua masufuria,
majivu, mchanga, ganda la nazi, mpaka jioni.

Usiku nikavua soksi.
Karatasi ilikwisha kulowa jasho, tupu, imefifia.
Wino wote ulikuwa kwenye kisigino:
Nampota, buluu, limegeuka,
la kusomwa kutoka kulia.
Somoe akasogeza taa.
"Usinawe kwanza," akasema.