Kati ya Flanji Mbili

Mutheu anaivua karatasini:
utepe wa chuma uliojizungusha,
grafiti katikati, nyeusi kama masizi.
"Usiiguse na hicho kidole cha grisi."

Lunga Lunga, saa kumi alfajiri, boila imezimwa.
Tunakaza bolti kimsalaba,
kidogo huku, kidogo ng'ambo,
isije moja ikabeba hasira ya zote.

Ile kuukuu imo ndooni, imebonyea.
Miaka sita haikuonwa na mtu,
ila mtu wa stoo, aliyeiita bei yake wizi.
Chuma kitupu kingeshupaa, kikavujisha;
grafiti tupu ingerushwa nje.

Mvuke unarudi, bomba linagutuka.
Mutheu anatega sikio
karibu kuliko ninavyothubutu.

Kimya.

Anatia sahihi.
Anauliza nani ana sukari.