Vijiti Viwili

Juu kabisa ya kibodi, safu ya vitufe vidogo:
pembetatu iliyolalia ubavu,
vijiti viwili vilivyosimama kama mapacha,
mshale wa kurudi, mshale wa kwenda.
Muuzaji wa Kariakoo alivipangusa kwa pindo la shati.
"Dada, hii imetoka Ulaya, ilikuwa ya mtu wa muziki."
Nikalipa laki tatu na themanini,
nikaikumbatia mpaka Tabata.

Usiku ule nikabonyeza pembetatu.
Kimya.
Nikabonyeza kwa gumba, kwa ukucha, kwa bismillahi.
Kitaa cha kitufe kikawaka, kikazima,
kama mtu anayekuitikia "abee" naye hainuki.

Mimi nalipwa kwa dakika:
sauti za watu masikioni, maneno yao vidoleni.
Saa moja ya mazungumzo hunila saa tano,
na kila nikiacha herufi kukimbilia kipanya
sentensi inanipita mlangoni.

Mwezi ule nilikuwa na Bi Siwema Pazi,
miaka sabini na tatu,
mfumaji wa zamani wa kiwanda cha nguo, Ubungo.
Nyuma yake kuku, adhana, mtoto anayeulizia sukari.
Dakika ya arobaini na moja akasema:
"Mashine ile ilikuwa na kitufe chekundu, cha kuisimamisha.
Tulikiamini. Kumbe waya wake ulikatika zamani,
hakuna aliyejua mpaka siku mkono wa Asumini—"

Nikabonyeza.
Vijiti viwili. Vijiti viwili. Vijiti viwili.
Bi Siwema hakusimama.
Nikasikia yote, hadi maji waliyooshea sakafu,
kidole changu kimeng'ang'ania pale pale.

Asubuhi nikaenda kwa Sikujua, fundi wa Mtaa wa Mchikichi,
ghorofa ya pili, jina alilopewa na bibi yake
naye anajua karibu kila kitu.
Akasogeza chupa ya soda, akafungua dirisha jeusi.
"Bonyeza."
Namba ikatokea: mia moja sitini na nne.
"Tena."
Mia moja sitini na nne.
"Unaona? Kinasema. Kimeita tangu siku uliyoinunua.
Hakuna aliyeambiwa aitike."
Nikasema, sikio la kufa halisikii dawa.
"Hili halijafa," akasema. "Halijatumwa."

Akaandika mistari miwili, akafuta mmoja.
Nikajaribu: programu mbili zikaitika kwa pamoja,
Bi Siwema na kwaya ya mwenye mashine wa kwanza,
kama wake wenza walioitwa kwa jina moja.
Umeme ukakatika. Tukasubiri, tukijipepea kwa maboksi.
Uliporudi akaifukuza kwaya,
akaniachia mmoja wa kuitika.
"Elfu kumi."
Nikaomba nane.
"Elfu kumi, na bei usimwambie mtu."

Usiku nikarudi dakika ya arobaini na moja.
"...hakuna aliyejua mpaka siku mkono wa—"
Vijiti viwili.

Ikasimama.
Mkiani mwa sentensi ikabaki pumzi nusu,
kuku mdomo wazi, mtoto bila sukari.
Asumini alikuwa mzima,
mkono wake juu ya nyuzi, zamu haijaisha,
labda anacheka neno la mwenzake.
Jenereta ya jirani ilinguruma, ikachoka.
Chai ikaota utando.
Sikuandika kitu.

Sijui nilikaa muda gani; dakika hizo hazilipwi.
Nilifikiri kuwaacha hivyo hivyo hadi kukuche,
wote wawili, mwenye kusema na mwenye mkono.
Lakini Bi Siwema hakupewa pa kubonyeza,
wala hakuomba.

Nikagusa kitufe kwa ncha ya kidole.
Kikaitika.
Nikaandika: mkono wa Asumini ulivutwa.